Simulizi za ubaguzi wa rangi mbele ya mameneja na wenye nyumba: zipangwe vipi ndipo zishawishi?

Mratibu_Kibra

Wadau, salamu. Tunaandaa kikao cha alasiri moja hapa Nairobi, tarehe 21 Machi, siku ya kimataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi. Ukumbi unaingia watu 60. Walioalikwa ni mameneja wa mikahawa na hoteli, wenye nyumba za kukodisha pamoja na mawakala wao, na maafisa wachache wanaohusika na usajili wa vitambulisho. Hao ndio tunaotaka wabadilike. Wanaharakati wenzetu tumewaomba wasizidi kumi, maana hao tayari wameokoka.

Wasimulizi ni watatu. Wa kwanza alizuiwa mlangoni mwa mkahawa huku wateja weupe wakipita. Wa pili ni Mkenya Msomali ambaye nyumba "huchukuliwa" kila anapotaja jina lake. Wa tatu ni kijana Mnubi wa hapa Kibra aliyesubiri kitambulisho kwa miaka. Wote wameridhia kusimulia.

Ninachoomba ni ushauri wa kiufundi. Kila mmoja apewe dakika ngapi? Takwimu ziingie au zisiingie? Uchungu uonyeshwe kiasi gani? Tutaje majina ya biashara? Na lile linalonisumbua zaidi: vikao vya aina hii watu hulia, hupiga makofi, hunywa chai, kisha Jumatatu mambo yako pale pale. Kasoro huwa wapi?

---

Fundi_Simulizi

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ukilijibu, mengine yanajipanga.

Msikilizaji mwenye cheo hasikilizi kama ndugu yako anavyosikiliza. Akisikia mtu amesema alibaguliwa, kichwani anaanza kutafuta sababu nyingine. Labda alichelewa. Labda alikuja na ukorofi. Labda mkahawa ulikuwa umejaa, labda nyumba ilikuwa imeshalipiwa kweli. Hana chuki na msimulizi. Anajua tu kwamba akikubali haraka, atalazimika kukubali pia kwamba mlangoni pake huenda hayo hayo yanatendeka. Kwa hiyo kazi ya simulizi ni kuziba hizo "labda" moja baada ya nyingine kabla hajazitamka, na kinachoziba ni maelezo. Machozi hayazibi hata moja.

Tazama mfano. Hivi ndivyo watu wengi husimulia mara ya kwanza:

"Siku hiyo nilibaguliwa vibaya sana. Yule mlinzi alinidharau mbele za watu, nikaumia, nikalia njia nzima. Hawa wageni wamekuja kwetu kutunyanyasa."

Na hivi ndivyo tukio lile lile linavyosikika likishafanyiwa kazi:

"Ilikuwa Ijumaa, saa moja kasorobo jioni. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa kazini, bado tumevaa beji za ofisi. Bawabu akasema, 'Bila kubuki hamuingii.' Nikamuuliza kama naweza kubuki hapo hapo. Akasema daftari liko ndani. Tukiwa tumesimama, ikaja familia ya Wazungu, watu watatu. Aliwafungulia mlango. Yule wa mwisho akageuka akauliza kama ilibidi wabuki kwanza. Bawabu akamjibu, 'Hapana, karibuni.'"

Hesabu "labda" zilizokufa hapo. Beji zimejibu suala la mavazi na la hadhi. Saa imejibu suala la msongamano, kwa kuwa meneja yeyote anajua mkahawa wake unavyokuwa saa hiyo. Lile ombi la kubuki hapo hapo limeonyesha kwamba msimulizi alikuwa tayari kufuata utaratibu. Halafu amekuja mtu wa pili, aliyeulizia utaratibu ule ule akaambiwa hauhitajiki. Neno "ubaguzi" halijatamkwa popote; msikilizaji amelifikia mwenyewe, na mtu hushindwa kubishana na hitimisho alilolifikia mwenyewe.

Huyo mtu wa pili ndiye moyo wa simulizi ya ubaguzi. Kudharauliwa ni jambo moja, kubaguliwa ni jambo lingine: kunahitaji kipimo, yaani mwingine aliyekuwa mahali pale pale, akiwa na karatasi zile zile, akatendewa tofauti. Kaa na kila msimulizi umuulize: mtu wako wa pili ni nani? Kwa suala la nyumba, mara nyingi ni rafiki aliyepiga simu kwa namba ile ile saa moja baadaye akaambiwa aje aone. Kwa kitambulisho, ni mwanafunzi mwenzake waliomaliza naye shule moja, wote na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Mmoja akapigwa alama za vidole siku hiyo hiyo, mwingine akaambiwa angoje kamati ya kupiga msasa (ile iliyokuwa ikihoji uraia wa watu wa jamii kama Wanubi na Wasomali) na alete karatasi za babu. Kama mtu wa pili hayupo, msimbuni. Tumieni basi kauli ya yule aliyekataa, neno kwa neno, katika lugha aliyoitumia, au ujumbe ulioandikwa.

Jambo la pili ni amri. Bawabu ni Mkenya mwenzetu, analipwa mshahara mdogo na anafanya alichoambiwa. Simulizi ikiishia kwake, kila meneja ukumbini atajisemea, "Wangu nitamwonya," au atamfuta kazi, basi, shauri limekwisha. Msimulizi lazima apande ngazi moja juu: niliuliza nani ametoa agizo, nikaambiwa hivi, niliandika kwa meneja, nikajibiwa hivi au sikujibiwa.

Mfano bora ninaoujua ni ushahidi wa Fannie Lou Hamer, mwanaharakati mweusi wa haki ya kupiga kura, mbele ya kamati ya chama cha Democratic kule Atlantic City, Marekani, Agosti 1964. Alianza kwa jina lake, mtaa na namba ya nyumba anayoishi Ruleville, Mississippi. Akataja tarehe, 31 Agosti 1962, na kwamba watu 18 walisafiri maili 26 hadi Indianola kujiandikisha kupiga kura. Sasa jaribu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakumbuki vizuri. Alipofika kwenye kipigo alichopata jela ya Winona mwaka uliofuata, alieleza wazi kwamba waliomchapa walikuwa wafungwa weusi wenzake, na kwamba aliyetoa amri alikuwa askari wa barabara kuu wa jimbo. Angeishia kwa mkono ulioshika rungu, angewapa watu upenyo wa kusema ni mambo yao wenyewe kwa wenyewe. Rais Lyndon Johnson aliitisha mkutano wa ghafla na wanahabari ili kamera zimwache mama yule. Vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wake jioni, wakati watu wengi wako nyumbani.

Dakika: sita kwa kila mmoja, maneno 600 au 650 hivi yakiandikwa. Nusu ya muda iende kwenye tukio lenyewe. Usianze na utoto wala historia ya jamii nzima. Anza na saa, mahali na kazi ya msimulizi.

Uchungu uonekane pale ulipokuwa haushikiki, si zaidi. Sentensi moja inatosha.

---

Mtafiti_wa_Umoinner

Nakubaliana na Fundi kuhusu mtu wa pili. Naongeza tahadhari kutoka kwenye utafiti, maana watu hupenda kusema "simulizi hubadilisha mioyo" kana kwamba imethibitishwa ikaisha.

Kwanza, simulizi ya mtu mmoja inaweza kugeuka dhidi yake. Shanto Iyengar alichunguza habari za televisheni za Marekani, matokeo yakatoka 1991. Umaskini ulipoonyeshwa kupitia mtu mmoja mmoja, watazamaji walielekea kumlaumu mtu huyo. Ulipoonyeshwa kama hali ya nchi, walielekea kuilaumu jamii na serikali. Ndiyo maana ile ngazi ya amri si pambo. Ukiiondoa unabaki na kijana asiye na bahati na bawabu asiye na adabu.

Pili, takwimu. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha jaribio mwaka 2007 kuhusu michango ya fedha. Waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali aitwaye Rokia walitoa zaidi ya mara mbili ya waliosoma tarakimu za njaa. Waliopewa Rokia pamoja na tarakimu walitoa kidogo kuliko waliopewa Rokia peke yake. Hiyo ilikuwa michango, na nyinyi hamchangishi pesa. Mnataka watu wabadilishe utaratibu kazini, na kwa hilo tarakimu inahitajika. Ila isitoke kinywani mwa msimulizi, na isije kabla yake. Mwendesha kikao aitoe baadaye, iwe moja tu.

Ipi? Ile ya Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan ya 2004 inaeleweka haraka: walituma maombi ya kazi Boston na Chicago, sifa zikiwa sawa na majina tofauti, na yenye majina yanayosikika ya Wazungu yakapata miito asilimia 50 zaidi. Lakini mwenye nyumba wa South B hapa Nairobi atasema hiyo ni Chicago. Afadhali mfanye jaribio lenu dogo. Chukueni matangazo 20 ya nyumba za bei inayokaribiana. Wapigaji wawili, jinsia moja, wasome maneno yale yale: jina, kazi, idadi ya watu watakaokaa, lini wangependa kuja kuona. Mmoja atumie jina la Kisomali. Wapishane nani anaanza: tangazo la kwanza aanze huyu, la pili aanze yule, vinginevyo mtaambiwa nyumba ilikuwa imeshachukuliwa. Muda kati ya simu mbili usizidi saa moja. Kila mmoja aandike jibu alilopewa kabla ya kujua mwenzake kajibiwa nini. Matangazo 20 hayatoshi kuwa utafiti wa nchi nzima, na semeni hivyo wazi. Yanatosha kuwafanya mawakala waliomo ukumbini waache kucheka.

Tatu, na hili ndilo jibu langu kwa "Jumatatu mambo yako pale pale". Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mmoja wasikilizaji wa tamthilia ya redio ya maridhiano nchini Rwanda, akachapisha 2009. Imani zao binafsi hazikusogea sana. Kilichosogea ni jinsi walivyoona wenzao wanakubali au hawakubali jambo fulani, na tabia ikafuata huko. Maana yake kwenu: meneja akitoka amelia peke yake kimoyomoyo, mmepata kidogo. Akitoka ameona mameneja wenzake watatu wamesimama na kusema "kwangu hilo halitakubaliwa", mmepata kingi. Tafuteni mapema wawili au watatu wenye heshima katika fani yao, watakaosema hivyo kwa sauti baada ya simulizi.

Nne: Joshua Kalla na David Broockman walipima mazungumzo ya ana kwa ana kuhusu wahamiaji na watu waliobadili jinsia, ripoti ya 2020. Pale ambapo pande zote mbili zilisimuliana bila kuhukumiana, mitazamo ilibadilika na mabadiliko yalidumu angalau miezi minne. Pale zilipotolewa hoja tupu bila kusimuliana, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo baada ya msimulizi wa tatu, wagaweni watu wanne wanne kwa dakika 10, swali moja: ni lini ulihukumiwa kabla hujafungua mdomo? Nairobi swali hilo halikosi jibu. Hakuna Mkenya ambaye hajawahi kuulizwa "na jina la pili?", lile swali la kutafuta kabila lako.

Hatari yake mnaijua. Kundi moja likianza siasa za kabila gani limeonewa zaidi, mmepoteza alasiri. Kila kundi liwe na mtu wenu mmoja wa kurudisha mazungumzo kwenye tukio: ilikuwa wapi, nani alisema nini.

---

Wakili_wa_Pembeni

Majina ya biashara: msiyataje, isipokuwa kuna hukumu au adhabu iliyotangazwa hadharani. Katika kesi ya kuchafua jina, ukweli ni utetezi, lakini mzigo wa kuuthibitisha anaubeba aliyesema, na msimulizi wenu hana wakili wa kumlipa. "Mkahawa mmoja wa Westlands" inatosha. Tena ina faida nyingine: jina likitajwa, mameneja wengine wote wanapumua.

Ile sentensi ya "hawa wageni wamekuja kutunyanyasa" ifutwe kabisa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu maneno ya vitisho, matusi au dharau yanayokusudia kuchochea chuki kwa misingi ya rangi, utaifa au asili, bila kujali anayesema ni mnyonge au mwenye nguvu. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Msimulizi azungumzie watu waliokuwepo mlangoni, si taifa zima la watu.

Wasikilizaji watauliza sheria inasema nini, na hapo watu huchanganya. Mteja aliyezuiwa mlangoni na mpangaji aliyekataliwa wanaegemea Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010, ambacho kinakataza Serikali kubagua na kinakataza pia mtu binafsi kumbagua mwenzake. Mfanyakazi, au aliyeomba kazi, ana Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uajiri ya 2007, na humo mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Hilo liambieni mameneja waziwazi. Ni ajabu wangapi hawalijui.

Kwa upande wa kitambulisho, kuna uamuzi wa 2011 wa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto kuhusu watoto Wanubi nchini Kenya. Kenya ilipatikana na makosa. Na Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir mwisho wa ule msasa wa ziada. Afisa wa usajili aliye ukumbini huenda akasema, "Hayo yameisha." Msimulizi asibishane naye, aseme tarehe alizoenda ofisini na alichoambiwa kila mara. Kama ana tarehe za baada ya tangazo, hizo ndizo aanze nazo.

Video: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya mtu kuwa data nyeti, pamoja na majina ya watoto wake, wazazi na mwenzi wake. Fomu ya ridhaa iwe katika lugha anayoisoma msimulizi, ieleze itarushwa wapi na kwa muda gani, na kwamba anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote. Pateni ridhaa mbili tofauti, ya kusimulia ukumbini na ya kurekodiwa. Wengi watakubali ya kwanza na kukataa ya pili, na wana haki yao. Kama shauri la mmoja wao liko mahakamani, asipande jukwaani kabla ya kuongea na wakili wake.

---

Mratibu_Kibra

Asanteni sana, nimenakili yote. Nina mawili tu. Katika suala la nyumba, aliyekuwa akikataa ni keateka wa jengo, na ni mtu anayejulikana mtaani. Nahofia atageuzwa kuwa mkosaji wa pekee. La pili: wenzangu kwenye kamati wanataka yule kijana wa kitambulisho abadilishwe, tumweke binti aliyepata A katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Wanasema huyu wetu aliacha shule Kidato cha Tatu, hadhira haitamhurumia.

---

Fundi_Simulizi

Keateka mwiteni "msimamizi wa jengo", mtaa msiutaje, na msimulizi aeleze maneno aliyoambiwa: "Mwenye nyumba amesema nisiandikishe watu wa kwenu." Sentensi hiyo moja inamtoa keateka kizimbani na kumweka aliyetoa agizo. Kama keateka hakuwahi kusema hivyo, elezeni basi jinsi kazi ilivyo: nani anaidhinisha mpangaji, pesa ya amana inaingia kwa nani. Wenye nyumba waliomo watajua wanasemwa wao.

Kuhusu binti wa A, mimi napinga. Ukimleta mwenye A, unachosema ni kwamba ubaguzi ni mbaya kwa kuwa unaumiza watu bora. Afisa anaweza kukubaliana nawe asilimia mia moja kisha aendelee kuwazungusha wa alama ya D. Historia ina mfano ulio wazi. Claudette Colvin, msichana mweusi, alikamatwa Montgomery, Marekani, tarehe 2 Machi 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi. Alikuwa na miaka 15. Viongozi hawakutaka kumfanya yeye kuwa sura ya harakati. Waliungana nyuma ya Rosa Parks, mtu mzima mwenye kazi na heshima zake, aliyekamatwa tarehe 1 Desemba mwaka huo. Kwa ule mgomo wa watu weusi kukataa kupanda mabasi ya mji huo, Parks alifaa. Lakini kesi iliyovunja ubaguzi ndani ya mabasi hayo, Browder dhidi ya Gayle ya 1956, haikuwa ya Parks. Colvin alikuwa mmoja wa walalamishi wanne.

Kijana wenu ana kitu ambacho binti wa A huenda hana. Mwulizeni anaingiaje kwenye majengo ya mjini. Nairobi unaacha kitambulisho getini ndipo upewe kadi ya mgeni. Asiye nacho hawezi kupanda lifti kwenda kwenye usaili wa kazi, hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na M-Pesa anapokea kwa namba ya dada yake. Mameneja wote mliowaalika wana walinzi getini wanaodai kitambulisho. Hapo hadhira inajiona yenyewe ndani ya simulizi bila kushtakiwa.

---

Sauti_Jukwaani

Naongeza ya jukwaani, maana hapo ndipo mipango mizuri huharibikia.

Mazoezi mawili yanatosha, la mwisho siku mbili kabla. Zaidi ya hapo simulizi inakauka: msimulizi anaanza kuigiza machozi mahali alipolia kwenye mazoezi, na hadhira inanusa. Asikariri neno kwa neno. Akariri sentensi ya kwanza, kauli ya yule aliyemkataa, na ombi la mwisho. Katikati aseme anavyosema kila siku.

Msimruhusu mtu asome karatasi. Kadi moja mkononi yenye tarehe na viwango vya pesa inatosha, kwa sababu hivyo ndivyo hofu hufuta kwanza.

Mpangilio: anzeni na mkahawa, kisha nyumba, mmalize na kitambulisho. Mkahawa unafungua masikio kwa sababu karibu kila mtu aliyemo anaweza kujiona pale mlangoni. Mkianza na Mnubi au Msomali, baadhi ya waliokaa wataanza mapema kujiambia, "haya ni mambo yao." Si haki, lakini ndivyo ukumbi ulivyo.

Tarehe yenyewe itumieni kwa kipimo. Machi 21 inakumbuka Sharpeville, Afrika Kusini, 1960, polisi walipowaua watu 69 katika maandamano dhidi ya sheria za pasi, zile karatasi za utambulisho ambazo Waafrika walilazimishwa kuzibeba. Kwetu kulikuwa na kipande, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa na wakoloni kukibeba, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwendesha kikao anaweza kusema hayo kwa sentensi mbili kabla ya msimulizi wa tatu: siku hii ilitokana na karatasi za utambulisho. Aishie hapo. Akiongeza kwamba afisa wa leo ni sawa na mkoloni, afisa atakunja mikono na hatasikia lolote tena.

Maswali ya hadhira yaandikwe kwenye vikaratasi, mwendesha kikao achague. Maikrofoni ikizunguka ovyo, wa kwanza kuinuka huwa ni yule wa "mimi nina marafiki wengi Wasomali", na dakika tano zimeondoka. Kuna swali ambalo halikosi kuja: "Kwa nini hukushtaki?" Msimulizi awe na jibu fupi lililo tayari, la gharama: nauli, siku za kazi zitakazopotea, muda wa kesi, na kwamba usiku ule bado alihitaji mahali pa kulala. Asijitetee zaidi ya hapo.

Kila msimulizi awe na mtu wake wa kumpokea akishuka, amtoe nje kama anataka, na mtu huyo asiwe mpiga picha. Nauli na posho walipwe kabla ya kupanda jukwaani, ili asijione ameuza machozi kwa bahasha.

---

Mtafiti_wa_Umoinner

La ombi tumelipita haraka. Ombi liwe moja kwa kila kundi la walioalikwa, na liwe jambo ambalo mtu anaweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mtu mwingine. Kwa mkahawa: sharti la kubuki liandikwe na kubandikwa mlangoni, pamoja na saa linapotumika, ili bawabu asiwe na la kuamua. Kwa mwenye nyumba: sababu ya kumkataa mpangaji iandikwe kwenye ujumbe wa simu. Kwa ofisi ya usajili: orodha ya karatasi zinazohitajika ibandikwe ukutani, na anayerudishwa nyumbani apewe kikaratasi kinachotaja kilichokosekana, chenye tarehe na sahihi.

"Tuheshimiane" si ombi. Haliwezi kukaguliwa.

Wapeni fomu ya nusu ukurasa kabla ya chai, si baada. Jina, biashara au ofisi, atakachofanya, tarehe ya mwisho, namba ya simu. Kisha wiki tatu baadaye mtu wenu apige simu kwa kila aliyejaza, na kwa mikahawa aende kuangalia mlangoni. Mwekeni mtu huyo leo, kabla hamjakodi viti.